Skani ya taya Kisumu: neva ilionekana, gego la kando likabaki gizani

Mimi ni mpiga picha. Studio yangu iko karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, na tangu mwaka 1997 kazi yangu imekuwa kumketisha mtu, kumwambia ainue kidevu kidogo na kumwomba atulie. Mwezi wa tatu mwaka huu zamu ilikuwa yangu. Niliambiwa niinue kidevu na nitulie, na picha ya kwanza ikaharibika kwa sababu ile ile inayoharibu picha za wateja wangu.

Picha yenyewe ni skani ya taya, ile ambayo madaktari wa meno huiandika CBCT kwenye karatasi ya rufaa. Ukiwa Nyanza au Magharibi na umepewa karatasi hiyo, soma kabla hujalipa. Jina la kituo silitaji, kwa sababu nina sifa zake na nina malalamiko pia, na ninachotaka ukijue kitakufaa hata ukienda kwingine.

Gego langu la mwisho, kushoto chini, lililala. Badala ya kuota wima, liliegemea gego la mbele yake kama gunia la mahindi lililoegemezwa ukutani. Chakula kilinasa katikati, ufizi ukavimba, na nikitafuna muwa upande huo maumivu yalipanda hadi sikioni. Daktari wangu, mama makini asiyependa haraka, alianza na OPG, picha bapa inayokunjua mataya yote mawili kama mkeka. Akanionyesha mfereji ambamo neva ya taya la chini hupita: mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba kama reli chini ya mizizi ya magego. Ilipofika kwenye gego langu, reli ya juu ilikatika, na mzizi wenyewe ulipitiwa na utepe mweusi.

"Hizi ni dalili kwamba mzizi na neva vinagusana," alisema. "Lakini neva imepita upande wa shavu, upande wa ulimi, au katikati ya mizizi? Picha hii hainiambii. Na mimi, mzee, sing'oi jino gizani."

Nilimwelewa papo hapo, maana hayo ni mambo ya mwanga na kivuli. Watu wawili wakisimama mbele ya taa, mmoja nyuma ya mwenzake, ukutani kinaanguka kivuli kimoja. Utakitazama mpaka kesho na hutajua nani yuko mbele. Nilimkumbuka pia jirani yangu wa kibanda cha pili, fundi cherehani, aliyeng'olewa gego kama hili miaka sita iliyopita kwa picha bapa peke yake. Tangu siku hiyo nusu ya mdomo wake wa chini haina hisia. Akinywa uji hajui kama umemtiririka kidevuni mpaka mkewe amwashirie. Akija kwangu kupigwa picha ya pasipoti, hujifuta kidevu kwa leso mara mbili kabla sijabonyeza, hata kama hakuna kitu.

Basi nikaenda. Kituo kiko ghorofa ya pili, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji. Nilifika saa tatu asubuhi. Robo saa baadaye stima ikapotea, na jenereta ya jengo hubeba taa na kompyuta tu, mashine ya eksirei haiwezi. Nilikaa hadi karibu saa tano. Wagonjwa waliotoka Bondo na Siaya walikaa nami, mmoja akiwa na shavu lililovimba kama chungwa. Namba zetu za simu walikuwa nazo tangu tulipoweka miadi. Ujumbe mmoja ungewasaidia wale waliokuwa bado njiani. Hilo ni lalamiko langu la kwanza. Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri: cheti cha KNRA, mamlaka inayosimamia mionzi nchini, kimebandikwa mahali unapokiona ukiwa umeketi, nililipa shilingi 8,000 kwa M-Pesa, na risiti ikatoka hapo hapo.

Kilichonipa imani ni swali la mtaalamu wa eksirei, kijana mtaratibu. Alisoma barua ya daktari, akauliza, "Mzee, ni gego hili moja tu tunalolitafuta?" Nikasema ndiyo. Akaweka mashine ipige eneo la sentimita 5 kwa 5, upande huo peke yake. Mama mmoja kwenye foleni alishangaa kwa nini nisidai kichwa kizima, pesa ni hizo hizo. Ningependa kila mtu aelewe hapa. Eneo dogo hukupa mionzi kidogo, na hukupa picha safi zaidi. Eksirei zikipita kwenye nyama na mfupa, nyingine hugonga na kutawanyika ovyo, zikafika kwenye kihisi kutoka pembe ambazo hazikutarajiwa. Ni kama jua linaloingia kwenye lenzi kutoka ubavuni na kuipaka picha nzima ukungu. Ukiangaza kichwa kizima unaongeza huo ukungu. Ukibana mwanga upite panapohitajika tu, weusi unakuwa weusi na weupe unakuwa weupe. Kituo kikikuuliza swali la kijana yule, kaa. Kikitaka kukupiga kichwa kizima kwa gego moja, uliza sababu.

Sikuvalishwa shingoni ile kola ya madini ya risasi inayozuia mionzi, nikauliza. Alinieleza kwamba miongozo inabadilika, na kweli Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitangaza mwaka 2024 kwamba aproni na kola hizo hazihitajiki tena kwa picha za meno, maana zinaweza kuziba sehemu inayopigwa na kulazimisha picha irudiwe. Kinachomkinga mgonjwa zaidi ni mwanga uliobanwa vizuri, na huo nilikuwa nimeupata.

Mashine ni nguzo yenye mkono unaozunguka. Unasimama, unang'ata kijiti cha plastiki, kidevu kinakaa kwenye kibao, vishikio viwili vinabana panda za uso, na mistari myekundu ya leza inakupita usoni. Ncha moja ya mkono ni bomba la eksirei; ncha ya pili ni bamba la kihisi. Miale hutoka kwa umbo la pia, kama mwanga wa tochi, na mkono ukizunguka kichwa chako mara moja unapiga mamia ya picha bapa, kila moja kwa pembe yake. Kompyuta inazichukua zote na kuuliza: ni kitu gani, kikiwekwa katikati, kingeangusha vivuli hivi vyote? Jibu lake ni taya lililojengwa kwa vijichemraba, vokseli, na kila kimoja kwenye skani yangu kilikuwa na upana wa milimita 0.1.

Hesabu hiyo ina historia ambayo mimi kama mpiga picha naiheshimu. Godfrey Hounsfield wa Uingereza ndiye aliyeunda skana iliyompiga mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, na alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Hesabu ya miale yenye umbo la pia iliandikwa mwaka 1984 na Feldkamp, Davis na Kress, waliokuwa watafiti wa kampuni ya magari ya Ford. Kisha Waitaliano wa Verona wakaipeleka kwa meno: mashine yao, NewTom 9000, ilielezwa kwenye maandishi ya kitaalamu mwaka 1998. Mwaka huo mimi nilikuwa bado naosha picha chumbani gizani kwa taa nyekundu.

Sasa picha yangu ya kwanza. Kijana aliniambia nitulie, akatoka, mlango ukafungwa, mkono ukaanza kuzunguka. Sekunde 14. Unapong'ata kitu mate hujaa mdomoni bila kukuomba ruhusa, na kwenye sekunde ya nane au ya tisa nikameza. Mkono haukusimama. Picha ilipojengeka, kijana alinyamaza, nami niliona kosa kabla hajasema. Ukingo wa mfupa ulikuwa na ukingo wa pili pembeni yake, kama herufi iliyopigwa chapa mara mbili. Ndivyo anavyotoka bibi harusi akigeuka wakati lenzi iko wazi kwenye ukumbi wenye giza: pua mbili, tabasamu mbili.

"Samahani mzee, umemeza mate. Ni mimi, sikukwambia." Alikiri bila kuzunguka, na mara ya pili hakunitoza. Namshukuru. Lakini lalamiko langu la pili liko hapo hapo: kumwambia mtu "tulia" hakutoshi. Mwambie ameze mate kwanza, aweke ulimi kwenye kaakaa, afumbe macho asiufuate ule mkono, na mzungushe mara moja bila miale ili aizoee sauti. Mimi mtoto wa pasipoti simpigi kabla hajaona mwanga wa taa ukiwaka mara moja bure.

Kurudia kuna gharama isiyoonekana kwenye risiti. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliweka wastani wa skani ya eneo dogo kwa mtu mzima kuwa takriban maikrosiveti (kipimo cha mionzi) 84, na ya eneo kubwa takriban 212, ingawa mashine hutofautiana sana. Mionzi ya asili, ile ya ardhini na angani inayotupata sote bila kwenda hospitali, ina wastani wa dunia wa kama 2,400 kwa mwaka. Kwa hiyo skani yangu moja ni kama wiki mbili za kuishi tu. Haikunitisha mimi mwenye miaka 54. Lakini mtoto wa miaka kumi, ambaye mwili wake unaathirika zaidi na mionzi, hastahili kupigwa mara mbili kwa sababu ya mate.

Ndiyo maana, nikiulizwa mashine ya kesho irekebishe nini kwanza, nasema mtikisiko. Watengenezaji hupenda kutangaza vokseli ndogo, milimita 0.075 na hata chini ya hapo, kama wauza kamera wanavyotangaza pikseli. Pikseli zitanisaidia nini ikiwa mtu aliyeketi mbele yangu anapumua? Kijichemraba cha milimita 0.1 hakina maana kwenye taya lililosogea milimita nzima. Njia zipo. Ya kwanza ni kufupisha muda. Mwaka 1896 Otto Walkhoff, daktari wa meno Mjerumani, alijipiga picha ya kwanza ya meno kwa eksirei, na ilimbidi atulie dakika 25. Kutoka hapo hadi sekunde 14 tumekuja mbali, na kihisi chenye kasi zaidi kitatufikisha mbali zaidi. Ya pili ni kuifanya kompyuta itambue kwamba kichwa kilisogea, kikasogea wapi, kisha irudishe kila picha bapa mahali pake kabla ya kujenga. Kampuni ya Planmeca ya Ufini tayari inauza programu ya namna hiyo, wanaiita CALM. Laiti ingekuwepo kwenye mashine iliyonipiga, ile skani ya kwanza huenda ingeokolewa. Natamani siku ifike programu kama hiyo iwe kitu cha kawaida, isihesabiwe nyongeza ya kulipia.

Skani ya pili ilitoka safi. Walinipa kwenye CD yenye programu ya kuitazama ndani yake. Leo ni nani bado ana kompyuta ya kusomea CD? Mimi ninayo moja kuukuu ya studio, na usiku ule baada ya kufunga niliketi peke yangu nikafungua taya langu. Sijui nilitazama kwa muda gani. Unavuta kipanya na unashuka ndani ya mfupa polepole, tabaka kwa tabaka. Mfupa wa ndani umefumwa kama sifongo. Mzizi una mstari mwembamba mweusi unaouzunguka, nafasi ya nyuzi zinazolishikilia jino. Katikati ya mzizi kuna uzi mwingine mweusi, njia ya mishipa ya jino lenyewe. Na kumetapakaa chengachenga, zile zile ninazozijua kwenye picha zilizopigwa bila mwanga wa kutosha. Nilivutiwa kuziona. Zilinionyesha kwamba kijana alitumia miale kiasi cha kutosha kuona na hakuongeza.

Kesho yake daktari aliniwekea skani kwenye kioo chake. Akalikata taya kwa upana, kipande baada ya kipande kama mkate, hadi tukafika kwenye gego. "Umeona?" Mfereji wa neva ulikuwa duara jeusi lenye upana wa kama milimita tatu, na kote kulikotangulia ulikuwa na ganda jeupe la mfupa. Kwenye mzizi wangu ganda lilitoweka. Neva ilikuwa imebanwa upande wa ulimi, imeegemea mzizi bila kitu chochote katikati. Zile dhana tatu za OPG zikabaki moja. Hapo shilingi 8,000 zangu zilikuwa zimelipa. "Tungevuta mzizi huu," akasema, "tungeivuta na neva." Akashauri akate kichwa cha gego na kukitoa, mizizi aiache mahali pake chini ya ufizi. Sikuwa nimewahi kusikia jino linaweza kutolewa nusu, lakini alinieleza kwamba ni upasuaji unaojulikana, na kwa mizizi isiyo na ugonjwa iliyokaribiana na neva kama yangu ndio ulio salama zaidi.

Kisha akasogea juu kwenda gego la jirani, lile lililoegemewa, na sura yake ikabadilika.

Gego hilo liliwahi kuzibwa kwa madini ya fedha miaka mingi iliyopita. Kwenye skani lilikuwa limelipuka. Michirizi myeupe ilitoka kwenye kile kizibo kama miale ya jua kwenye mchoro wa mtoto, na kati ya michirizi kulikuwa na vipande vyeusi kabisa. Kimoja kilikuwa mgongoni mwa gego, pale pale gego langu lililolala liligusa. Mahali hapo huoza sana kwa watu wenye shida yangu, kwa kuwa mswaki haufiki. Je, weusi ule ulikuwa shimo la kuoza au kivuli cha chuma? Daktari alivuta kipanya huku na huku, akabadilisha mwanga, akaketi nyuma. "Siwezi kuapa," alisema.

Nilikwenda kusoma kwa nini, maana niliumia kuona chombo kizuri namna ile kinashindwa na kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mahindi. Eksirei zinazotoka kwenye bomba si za nguvu moja. Kuna dhaifu na kuna kali, kama mwanga wa jua ulivyochanganya rangi. Chuma hunyonya zile dhaifu zote na kupitisha kali chache, au hakipitishi kitu kabisa. Kihisi cha leo hakijui tofauti. Kina tabaka la fuwele linalogeuza eksirei kuwa mwanga wa kawaida, kisha mwanga unageuzwa kuwa umeme na kujumlishwa wote pamoja. Kompyuta inapokea jumla tu, inadhani miale yote ilikuwa ya namna moja, na hesabu inakosea kwenye mstari mzima unaopita kwenye chuma. Kwa kuwa mkono huzunguka kwa ulalo, kosa nalo hulala: lilichafua tabaka la vichwa vya meno, huku mizizi iliyo chini yake ikibaki safi. Ndiyo sababu neva ilionekana na mgongo wa gego haukuonekana.

Kwa lugha ya studio, mashine zetu za meno bado zinapiga nyeusi na nyeupe. Rangi iko njiani. Kuna vihisi vinavyohesabu fotoni, yaani chembe za miale ya eksirei, moja moja na kupima nguvu ya kila moja, vinavyotengenezwa kwa kadimiamu teluraidi, bila kupitia ule mwanga wa katikati. Mwezi wa tisa mwaka 2021 Marekani iliidhinisha skana ya kwanza ya hospitali ya aina hiyo, NAEOTOM Alpha ya Siemens. Kihisi kikijua kwamba fotoni hii ilikuwa kali na ile dhaifu, kompyuta inaweza kutenganisha fedha na jino, titani na mfupa. Pia chengachenga za umeme wa kihisi chenyewe zinaachwa nje ya hesabu, kwa hiyo picha nzuri inaweza kupatikana kwa miale michache zaidi. Kazi iliyobaki ni kuishusha teknolojia hiyo kutoka mashine inayojaza chumba cha hospitali kubwa hadi kwenye mkono mdogo wa kliniki ya meno, kwa bei ambayo Kisumu, Kakamega na Nakuru zinaweza kuimudu. Nitaisubiri kwa hamu, na ninadhani kila mwenye meno yaliyozibwa anapaswa kuisubiri.

Kuna faida ya pili. Skani za hospitali zina kipimo cha kijivu kinachobeba jina la Hounsfield: maji ni 0, hewa ni -1000, na mfupa una namba zake. Kwenye CBCT kijivu hakitegemeki hivyo, kwa ajili ya ile miale iliyotawanyika. Daktari anayetaka kupanda skrubu ya titani, mzizi wa jino bandia, kwenye taya angependa kujua mfupa ni mgumu kiasi gani, na kwa sasa kijivu kile kinaweza kumdanganya. Kuchuja miale iliyotawanyika na kupima nguvu ya iliyobaki ndiko kutakakoipa CBCT namba za kuaminika.

Kwa akili unde nina moyo wa namna mbili. Inaweza kufuatilia mfereji wa neva kwenye skani nzima na kuupaka rangi kwa muda mfupi, kazi ambayo daktari huifanya kwa kubofya nukta moja moja. Hiyo naikaribisha. Inaweza pia kufuta chengachenga na michirizi ya chuma, na hapo naomba uangalifu. Simu za siku hizi zinalainisha uso wa mtu bila kumwuliza. Nimewahi kurudishiwa picha na mzee wa Seme kwa sababu kovu la shavuni mwake, alilolipata akivua, halikuonekana. Mtoto wake alikuwa ameipitisha kwenye programu ya simu. "Huyu si mimi," alisema, na alikuwa na haki. Ufa kwenye mzizi wa jino ni mwembamba kuliko kovu lile. Programu iliyofundishwa kwamba mizizi mingi haina ufa inaweza kuuona ule ufa kama uchafu na kuupangusa, na daktari akaletewa picha laini, nzuri, ya uongo. Napendekeza jambo moja kwa wanaotengeneza: picha iliyosafishwa ije na ile mbichi kando yake, kila mara, na daktari aweze kuzilinganisha kwa mbofyo mmoja.

Wapo wanaoifanyia kazi MRI ya meno, skani ya sumaku isiyotumia eksirei kabisa. Huonyesha neva yenyewe na nyama laini, ambavyo CBCT inakisia kutokana na nafasi iliyo wazi kwenye mfupa. Lakini inachukua dakika, na dakika ni mate mengi.

Upasuaji ulifanyika Alhamisi. Nilisikia mashine ikikata, harufu kama ya pembe iliyounguzwa, kisha mkono wa daktari ukasukuma kidogo na kichwa cha gego kikatoka. Kabla ya kushona aliosha pale mahali, akavuta taa, akachukua kile kichokoo chembamba chenye ncha iliyopinda na kuupapasa mgongo wa gego la jirani, lile lenye weusi kwenye skani. Nilisikia sauti yake ndani ya fuvu: kavu, ngumu, kama ukucha kwenye kikombe cha kauri. Akapapasa tena chini zaidi. Akamwita msaidizi wake aje atazame. Hapakuwa na shimo. Weusi wote ule ulikuwa kivuli cha kizibo changu cha zamani, na gego zima lingeweza kuchimbwa bure kama daktari angeiamini picha kuliko kidole chake.

Jioni ganzi ilipoisha nilikunywa uji uliopoa, nikauhisi kwenye mdomo wa chini, kushoto, hadi kwenye pembe.

Kituo nakipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeiondoa kwa ajili ya mate na ule ujumbe wa simu ambao haukutumwa. Wakibadilisha CD kwa kiungo cha kupakua, watakuwa wamewasaidia pia wale wa Bondo wasirudi mjini kwa ajili ya kijisahani. Mwezi wa tisa narudi kwa daktari kuangalia kama mizizi iliyoachwa imepanda, maana alinieleza kwamba huwa inasogea juu taratibu na kuiacha neva. Nilimwomba tuanze na picha ndogo ya jino moja, na skani tuiweke hadi pale ile ndogo itakaposhindwa kujibu. Alikubali, akaandika hivyo kwenye kadi yangu.